Sufuria ya Falkirk

Bomba la uani petu Turffontein, mtaa usio mbali na Soweto, halina tena mtu wa kuliimbia. Tangu Thérèse ahame, mwaka 2017, maji hujaza ndoo kimya kimya, na Gogo Nomvula, yaani Bibi Nomvula, mwenye nyumba, bado hugeuka kutazama mlango wa Thérèse wakati wa kufua.

Thérèse alitoka Lubumbashi. Wiki nzima alisuka nywele mjini. Jumapili aliwapikia sombe, kisamvu cha kwao, watu wa kanisa lake, na sufuria aliazima kwa Gogo. Ilikuwa nyeusi, ya miguu mitatu, ya kubebwa na watu wawili, na tumboni imeandikwa kwa herufi zilizoinuka: FALKIRK.

Ni jina la mji, Gogo alitueleza. Marehemu mumewe aliyeyusha chuma katika kiwanda kimoja kusini mwa jiji, na fundi aliyemfundisha alizaliwa huko, Uskoti. Mzee yule alisimulia kwamba kwao wanaume walishinda wakimimina chuma kwenye mchanga: majiko, mageti, sufuria za kuletwa huku. Kisha matanuri yakazimwa moja baada ya jingine, watoto wa mafundi wakatafuta riziki kwingine.

"Kama hapa tu," Gogo alisema. Kiwanda cha mumewe nacho kilifungwa. Sufuria ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Jumapili moja Thérèse alikuwa anachelewa ibada. Sufuria ilikuwa tupu, bado juu ya makaa. Akaimiminia maji ya bomba. Ikalia ta! Ufa mwembamba ukapanda kutoka mguuni hadi kwenye jina la mji.

"Hee! Sufuria ya bibi wa watu hiyo!" alisema Ummi, jirani yetu kutoka Tanga.

"Nyamaza basi, Ummi."

"Mimi nitanyamaza, shoga. Huo ufa je?"

Thérèse alifanya kama walivyofanya kwao sufuria ikivuja. Alisonga bukari, ugali wa kwao, mgumu hasa, akaukandika kwenye ufa, akauchoma mpaka ukawa mweusi, akapaka mafuta. Gogo alipoipokea alicheka.

"Umeing'arisha kuliko mimi, mwanangu!"

Katika jiji hili hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kumbukumbu ya mumewe Gogo. Wapangaji tulialikwa pamoja na ndugu wa marehemu. Nyama ilikuwa inatokota, mara moto ukaanza kufoka. Mchuzi ukatiririka kwenye makaa, ua mzima ukajaa moshi.

"Kaka aliitunza maisha yake yote," alisema wifi yake Gogo. "Wewe umeigonga wapi?"

Gogo alitazama mikono yake. "Sijui. Labda niliiangusha nikasahau. Uzee huu." Akatugeukia. "Nisameheni, wanangu. Mtakula bila mchuzi."

Ummi alimkazia macho Thérèse. Tulimsikia Thérèse akivuta pumzi.

"Pole, Gogo," alisema.

Gogo akamshukuru. Akamchagulia pande la nyama ambalo halikuungua, akamwekea kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe. Thérèse alilishikilia mpaka mafuta yakaganda.

Baada ya hapo alichota maji kabla wengine hatujaamka, bila kuimba. Mwezi ulipoisha alihama, siku ambayo Gogo alikuwa kliniki. Ummi ndiye aliyetueleza habari ya ufa, na mpaka leo hakuna aliyemwambia Gogo.

Thérèse sasa anaishi Soweto, katika chumba kilicho nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani, na husuka nywele pale mlangoni.