Anayeanza Kamba

Wifi yangu ameshona matanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Kumi na minne ya mwisho tumekuwa pamoja, na sijawahi kumsikia akisema amechoka. Mimi husema kila siku. Niliolewa na mdogo wake nikidhani nimeolewa na mwanamume mmoja, kumbe nilikuwa naolewa na yeye, dada yake, na ghala zima la vitambaa.

Ghala lenyewe zamani liliwekwa nafaka. Lina sakafu ya saruji, milango miwili inayotazamana, na harufu ya nta ambayo haitoki hata kwenye nywele. Asubuhi nafagia, tunavua viatu, tunalaza vipande vya kitambaa ubavu kwa ubavu na kuviunga kwa cherehani. Kisha wifi anapinda ufito mwembamba sakafuni na kuufuata kwa chaki, ndipo anakata. Mstari wake haunyooki, unabenuka kidogo, ili tanga lipate tumbo likishika upepo.

"Tanga lisilo na tumbo ni shuka," husema.

"Kama ni tumbo, mdogo wako analo. Tukamkate yeye."

Hacheki, lakini chaki husimama kidogo.

Watu humwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna anayemfikia kwenye ukingo. Huko ndiko inakoshonwa kamba inayolizunguka tanga. Kamba hufungwa kwenye nguzo, mimi naketi kwenye kigoda upande wa pili nikiikaza, naye anapita katikati na sindano nene, akiisukuma kwa kipande cha ngozi alichovaa kiganjani. "Vuta, wifi," husema, nami navuta. Sharti ni moja: anayeanza kamba ndiye anayeimaliza. Watu wawili hawana mkono mmoja, na ukingo ulioshonwa na wawili hujikunja ukipandishwa.

Mwaka huu kidole gumba chake kilianza kumkatalia. Alikuwa akikificha chini ya kanga, akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akidhani sioni. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema bado hajafa, nivute.

Ndipo akaja nahodha, mteja wake wa siku nyingi, kuagiza tanga la mashua yake kubwa. Hakuketi.

"Mama Pindo, maneno nimeyasikia, ya huo mkono," alisema. "Mimi nataka kuona kwa macho yangu. Likisimama vizuri, tutaendelea mpaka mmoja wetu aache kazi. Lisiposimama, nitakwambia mwenyewe. Sitatuma mtu."

"Njoo wiki ijayo," wifi akamjibu.

Siku ya nne ya kushona kamba, baada ya chakula cha mchana, alijilaza juu ya kitambaa na usingizi ukamchukua, sindano ikining'inia kwenye uzi. Gumba lilikuwa limevimba. Nilimtazama nikaona hasira, sijui ya nani. Nikamvua ile ngozi taratibu, nikaivaa, nikafunga upande wangu wa kamba kwenye komeo la mlango, nikashona. Sharti nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nilishona kipande kama urefu wa kitanda, kisha nikairudisha ngozi mkononi mwake na kurudi kwenye kigoda changu.

Alipoamka alipitisha vidole juu ya kamba, polepole, kwenda na kurudi. Nikaikaza kamba, macho sakafuni.

"Vuta, wifi," akasema. Nikashukuru kwamba hakugundua.

Wiki iliyofuata nahodha alirudi, tanga likapandishwa asubuhi kwenye mashua yake, upepo ukiwa wa wastani. Likajaa, likapata tumbo zuri, halafu ukingo ukaanza kupigapiga. Nilijua ni mimi. Nilishafungua mdomo kukiri pale nahodha alipoamuru lishushwe, akachuchumaa, akaanza kupapasa kamba tangu mwanzo.

"Hapa uzi umelegea," alisema. "Na hapa. Na hapa pia, kitambaa kinateleza." Akaendelea mpaka karibu na katikati, mkono ukasimama. "Hapa pamelala vizuri. Hapa ulikuwa umepumzika?"

"Hapo si mimi," wifi akasema. "Hapo ni wifi yangu."

Alikuwa anajua tangu siku ile.

"Mimi ndiye niliyeharibu," nikasema haraka. "Nimechanganya mikono. Ukifumua kipande changu, litakaa sawa."

"Acha," wifi akaniambia. "Tanga limeshasema."

Nahodha aliinuka akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa ameahidi kumwambia mwenyewe, lakini ilipofika saa yake alinitazama mimi. "Lifumuliwe lote. Ushone wewe, tangu mwanzo. Nitangoja."

Sikufurahi. Watu wengine wangefurahi, mimi nilitaka kulia. Kila siku nilikuwa nikisema nimechoka kuvuta kamba ya mtu, na hata siku moja sikuomba kupewa sindano yake.

Tulirudi ghalani na tanga kwenye mkokoteni, tukisukuma wote wawili. Njiani alisema, "Nimechoka, wifi." Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, mtu angedhani ananiuliza kama nimefunga mlango. Mimi niliyelitumia neno hilo mpaka likachakaa, niliongeza nguvu kwenye mkokoteni.

Kufumua kulituchukua siku nzima. Kesho yake alinivalisha ngozi mwenyewe, akakaza mkanda wake, akaona inanipwaya penye gumba, akakata kipande cha kitambaa akakichomeka ndani. Kisha akaenda kuketi kwenye kigoda changu na kuushika mwisho wa kamba.

Nilitia uzi nta, nikachoma sindano ya kwanza, nikangoja lile neno. Kwa mazoea tu, nilikuwa nangoja alitamke yeye. Yeye alikuwa akiniangalia, anangoja pia.

"Vuta, wifi," nikasema.

Akavuta, kwa mkono wa kushoto.