Nguzo Tatu Chini ya Uwanja wa Cwm Elfed

Saa kumi na mbili asubuhi Haydn Prosser anasukuma rola ya chuma juu ya nyasi mbichi, anasimama, anashika kiuno, anasukuma tena. Mvua imekatika sasa hivi. Upande wa chini wa kiwanja ulibonyea kama godoro lililolaliwa na mtu mmoja miaka mingi, na tangu Machi ameshamwaga hapo magunia arobaini ya udongo.

"We fuko, bado unachimba tu?" anamtania Idwal, mchimbaji mwenzake wa zamani, akipita na mbwa wake.

"Nafukia, ndugu yangu. Kuchimba tulimaliza."

Haydn ana miaka sitini na minane. Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa mwaka 1985 alipata kazi ya kutunza uwanja huu wa kriketi wa Cwm Elfed, na hajaiacha. "Nimechoka mpaka kwenye kucha," anasema, wala hatanii.

Leo anakuja mkaguzi kuangalia kama uwanja bado unafaa. Klabu ya Kaunti ya Glanrhyd hucheza hapa mechi moja kila Agosti tangu 1924, ukitoa miaka ya vita. Zamani wachimbaji wa zamu ya usiku walitoka shimoni wakaja moja kwa moja kutazama, nyuso nyeusi tii. Wachezaji watatu wa kaunti walizaliwa mtaa uleule wa Haydn. Sasa mechi zote zimehamia jijini isipokuwa hii, na hii nayo inaning'inia.

Ajabu ni kwamba huko kubonyea kwa kiwanja ndiko kulikoijengea klabu jina. Mpira ukidunda pale haunyanyuki, unateleza chini, mpigaji mgeni anabaki akipiga hewa. Kuanzia 1980 Glanrhyd hawakufungwa hapa kwa miaka kumi na mmoja.

"Wageni walisema tunaroga," Idwal anacheka. "Uchawi gani? Makaa tu yalikuwa yametoka!"

Saa nne mkaguzi, Delyth Pugh, anapiga magoti na pima maji yake. Anaipeleka huku, anaipeleka kule. Kiputo cha hewa kinatulia katikati. Idwal anapiga makofi peke yake.

"Kazi nzuri, Mzee Prosser," anasema Delyth. "Imebaki moja. Ramani ya mgodi inaonyesha nguzo tatu za makaa ziliachwa hapa chini zibebe uwanja. Wewe ulifanya kazi humo. Zipo?"

Haydn anatazama jukwaa la mbao, lile linalojaa watu mia sita Agosti. 

"Hazipo, mama. Tulizitoa mwaka sabini na tisa. Msimamizi alisema toeni, tukatoa. Ya tatu niliiangusha mimi, kwa mikono hii."

"Haydn!" Idwal anafoka. "Mdomo wako huo!"

Delyth anafunga daftari taratibu. Mechi ya Agosti haitachezwa Cwm Elfed, juu ya shimo tupu.

Nyumbani mkewe, Eirwen, anamwekea chai na mkate wa zabibu, lakini maneno matamu hana. "Miaka arobaini unafukia shimo, halafu unalifukua kwa neno moja! Si ungenyamaza tu, jamani?"

"Ningenyamaza, Agosti wewe ungekaa wapi?"

 Kila Agosti Eirwen hukaa jukwaani, safu ya mbele, na sufu yake ya kufuma.

Mpango Haydn anao. Juu ya kanisa kuna malisho ambayo chini yake hapajawahi kuchimbwa. Ameshayapima kwa hatua, ameshazungumza na mwenye kondoo. Nyasi za kriketi zinataka miaka mitatu zikomae, na kaunti hawajaahidi lolote.

"Wakirudi nitakuwa na sabini na moja," anasema, akijinyoosha mgongo. "Nataka mara moja tu nisukume rola bila kuwaza nilichokifanya chini yake."

Eirwen anamsogezea kikombe. "Basi kunywa chai yako, mzee. Kondoo hawatajihamisha wenyewe."