Asubuhi Chuma Hakikupigwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ng'ombe walilia shamba zima na sisi watu wazima tumesimama tu, tunawaangalia.

Lakini wacha nianzie nyuma kidogo. Kabla ya Uhuru, DO, yule ofisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni, alikuja hapa karibu na Plateau, upande wa Eldoret, akafanya baraza. Mzungu kijana, shingo nyekundu kwa jua. Akasema serikali ya Malkia ina mpango na nchi zote inazotawala ng'ambo, si sisi peke yetu. Haiziachi ovyo. Inazishika mkono: kwanza viti vichache kwa baraza la sheria, halafu madaraka, halafu uhuru, kila nchi ikishakomaa.

Mama Nyambura, mkamuaji mwenzetu kwa shamba la Mzungu, aliyetoka upande wa Nyeri, akasimama.

"Bwana DO, na tutajuaje tumekomaa?"

"Tutawaambia, mama."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na koti mpya na nilitaka nionekane. Mama Nyambura hakucheka.

Basi Uhuru ukaja. Mzungu wetu, tuliyemwita Bwana Kofia, akauza shamba. Sisi wafanyakazi tukalinunua kwa kikundi, Mluhya, Mkikuyu, Mnandi, kila mtu na alichokuwa nacho. Ofisa wa kilimo akatuonya: maziwa yakipotea, mtaletewa meneja. Yaani Bwana mwingine, kwa shamba letu wenyewe!

Sasa, pale zizini kulitundikwa kipande cha reli. Siku zote Bwana Kofia alitikisa kichwa kukubali, mimi nikakipiga, ndipo watu wakakamua. Ukigusa ndoo kabla ya chuma kulia, unafukuzwa kama mwizi wa maziwa. Hata mke wa nyapara aliwahi kufukuzwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Asubuhi ya kwanza bila Bwana Kofia, nilisimama hapo nyundo mkononi. Wenzangu wamepanga foleni na ndoo zao. Nyapara anatazama nyumba kubwa ya Bwana Kofia, na nyumba ni tupu. Ng'ombe wakaanza kulia, maziwa yanadondoka chini yenyewe. Lori ya kwenda Eldoret ikapiga honi kule barabarani.

Mama Nyambura, aliyekuwa amelala mgonjwa wa mguu, akaja akichechemea.

"Wee! Unangoja nini?"

"Sijaambiwa, Mama."

"Na hao ng'ombe wanakuambia nini?"

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Akachukua ndoo iliyokuwa karibu, akakaa chini ya ng'ombe, akaanza. Tukamfuata mbio. Lori iliondoka nusu tupu, na yule ng'ombe wa madoa, aliyetupatia maziwa kuliko wote, kiwele kilivimba na hakikupona. Meneja hakuletwa, lakini tuliponea chupuchupu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Yule DO hakuwa mtu mbaya, labda aliamini maneno yake. Lakini mtu akingojea amri miaka yote, anachojifunza ni kungojea tu. Tulikamua ng'ombe wale maisha yetu yote, na bado tulisimama tukingoja.

Kwa hiyo, mwanangu, usikae ukingoja mtu akuambie umekomaa. Kazi ikikuita, itikia. Na ukizaa watoto, waongoze, lakini mkono uachie mapema, wakiwa bado wanaweza kukuuliza.

Mungu akubariki, na mifugo yako isilie ukiwepo. Kesho usinijie kuuliza kama ni saa ya kukamua. Ndoo ziko mlangoni.