Gari Linalala Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya Soweto hapa Moshi, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa beseni la petroli, mswaki mkuukuu na kabureta iliyofunguliwa vipande vipande. "Safisha, halafu irudishe ilivyokuwa," akasema. "Ukibakiza kipande, rudi kwenu ukapalilie kahawa." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee mahali pale, nimevaa ovaroli iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye kitambi. Sikubakiza kipande.

Ninyi mnaochomeka kompyuta kwenye gari, niwaeleze kidogo. Kabureta ndiyo iliyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ilipita kwenye jeti, yaani kitundu chembamba cha shaba kilichopimwa. Jeti ikiwa kubwa mno, petroli inazidi hewa: moshi mweusi, masizi kwenye plagi, na ukikanyaga mafuta gari linasita kwanza, kama mtu aliyeitwa akiwa na chakula mdomoni. Fundi Mkuu aliisikiliza injini amefumba macho, akigeuza skrubu robo kwa robo. Nilimpenda kwa hilo, na nilimwogopa pia.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Mkunga wa zahanati moja ya juu kabisa mlimani, karibu na msitu, na pikapu lake. Pikapu hilo ndilo lililowateremsha hospitali kina mama walioshindwa kujifungua kule. Kaka yake alikuwa amelifungia kabureta ya midomo miwili ya gari la mashindano, aliyoipata Tarakea mpakani, ili lipande kwa nguvu. Badala yake likawa linakohoa.

"Shikamoo mama," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Hii gari hapa mjini inakwenda vizuri. Ikifika kule kwetu inakosa pumzi, inazima."

Fundi Mkuu akaweka jeti ndogo zaidi, akashusha boya, kile kielea kinachozuia petroli isifurike ndani ya kabureta, kisha akalijaribu barabarani. Likaenda vizuri. Baada ya wiki mbili Mkunga akarudi na maneno yale yale. Tukagusa hapa na pale, likaenda. Akarudi mara ya tatu. Alipotoka kidogo kwenda sokoni, Fundi Mkuu akasema, "Huyu mama anaendesha choki imevutwa. Gari haina neno." Choki ni kitufe kinachovutwa kubana hewa injini ikiwa baridi; ukikisahau, petroli inazidi. Wote wakacheka. Nami nikacheka kuliko wote, maana nilitaka wanione fundi mwenzao.

Jioni hiyo nilikuwa napanda kwetu kuwaona wazazi, njia ile ile, nikamwomba Mkunga lifti. Kicheko changu kilikuwa kimenikaa vibaya, kwa hiyo nilitia jeti chache na bisibisi kwenye mkoba. Mjini pikapu lilikwenda bila shida. Tulipoanza kuingia kwenye baridi, likaanza kusita kila kona, moshi mweusi nyuma. Nikatazama kitufe cha choki. Kilikuwa kimesukumwa ndani hadi mwisho.

Mbele ya zahanati nikafungua plagi: nyeusi, imelowa. Hapo nikajiona mjinga. Mimi niliyezaliwa huku, niliyewacheka watoto wa mjini walipokuja kucheza mpira shuleni kwetu wakahema kabla ya mapumziko, sikuwahi kufikiri kwamba injini nayo inahema. Huku juu hewa ni nyepesi. Petroli ilikuwa kipimo kile kile cha mjini, hewa pungufu. Tulikuwa tunalitengeneza gari mahali lisipoishi.

Nikabadilisha jeti, nikapunguza na pampu inayorusha petroli ukikanyaga ghafla. Likapanda mlima wa kanisani bila kukohoa hata mara moja. "Ukifika mjini likikatakata, vuta choki kidogo tu," nikamwambia Mkunga. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Juzi Jumanne ilizima pale kwenye kona," akasema taratibu. "Tulimbeba mama wa watu kwa machela mpaka barabara kubwa. Yeye ni mzima. Mtoto tulimkosa."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Niliwaambia inazima."

Jumatatu nilimweleza Fundi Mkuu mbele ya wote. Akachukua chaki, akaandika kwenye mlango wa gereji: *Gari linalala wapi?* Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa skrubu kabla ya kuuliza, na magari ya juu tulipanda kuyatengeneza huko huko. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukataa kosa. Swali hilo nilikwenda nalo kwenye karakana ya malori ya kahawa, ambako Msimamizi wa Magari alidhani namtania, na baadaye kwenye gereji yangu mwenyewe Rau, hadi nilipostaafu.

Siwezi kuapa kwamba kabureta ndiyo iliyomwondoa yule mtoto. Mkunga hakusema hivyo. Ila mwezi ule nilikwenda kumpa pole yule mama aliyefiwa na mtoto. Nilikaa kwake, akanipa chai, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nipo mjini tu, gereji sikuitaja. Nilipoaga alinifungia ndizi mshare nikawapikie wenzangu kazini, nami nikazipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikashuka.