Panya Ndani ya Beseni

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinibandika jina la panya, na jina likashika mtaa wetu mzima hapa Kasongo. Tangu kamiyo ya mizigo ilipokatika breki ikaingia sokoni, hatua mbili kutoka nilipokuwa nauza mawese, nilikuwa siwezi tena kukatisha uwanja. Nilizunguka kando ya kuta, mkono ukigusa matofali. Yeye alinifuata nyuma akiniiga, watu wakacheka. Hilo ningelimeza. Lakini akaanza kumwambia kaka yake, "Uyu mwanamuke kichwa yake imeharibika. Umurudishe kwabo Kabambare, batoto babakie."

Watoto wangu watatu. Kuanzia hapo nilimchukia kwa moyo wote, na sijuti.

Binti wa dada yangu, anayesomea udaktari Kindu, alinipa silaha bila kujua. Alinieleza kwa simu kwamba wataalamu huweka panya kwenye sanduku pana. Panya mzima huanza kandokando, kisha hujaribu katikati. Aliyetishwa sana habanduki ukutani, maana njia fulani ya ubongo wake, ile inayosema ngoja, kuna hatari, haizimiki hata hatari ikiisha. Wakiituliza njia hiyo, panya hutoka.

"Mama mudogo, ile haiko wazimu," akasema.

Siku mume wangu alipoita kikao cha familia ili neno la Kabambare liamuliwe, niliomba kwanza niwaonyeshe kitu. Nilikuwa na panya niliyemnasa jikoni. Nilikuwa pia na pipa refu lililokatwa juu, lakini nikachagua beseni la kufulia, makusudi. Panya alizunguka ukingoni mara mbili, kama nilivyowaambia. Mara ya tatu akaruka nje.

Wifi alipiga yowe akajibana ukutani, viganja vyote viwili kwenye matofali. Wengine nao kila mmoja akatafuta ukuta wake.

"Wifi," nikasema taratibu, "kuja basi katikati."

Hakuja. Mume wangu alimtazama dada yake, kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama katikati ya chumba, peke yangu.

Neno la Kabambare halikutajwa tena. Sokoni bado napita kando ya kuta. Nikikutana na wifi, humsalimia kwa sauti, watu wasikie: "Jambo, panya mwenzangu."