Paka wa bibi, mbweha wa wadini na viatu vya wakwe: yaliyonikuta hapa Muscat

Wakuu salaam. Na dada zangu mlioko huku Ghuba, mnaosoma huku simu mmeificha chini ya aproni, nanyi nawasalimu.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili. Kama kuna chumvi, ni ile ya jikoni tu. Mbishi abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni mtu wa Singida. Nafanya kazi za ndani mtaa wa Ansab, kwa bibi mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Tumwite Bi Zuwena. Kiswahili chake kitamu mno, na changu anakirekebisha kutwa. Nikisema "niko na njaa" ananiuliza, "Uko nayo wapi? Sema nna njaa, ukale."

Anaishi na binti yake Bi Maimuna, na mjukuu wake Raya ambaye ndiyo kwanza amemaliza chuo.

Halafu kuna paka.

Paka anaitwa Kadhi. Mweupe, manyoya marefu, uso bapa kama mtu aliyegonga mlango wa kioo. Jina hilo alipewa kwa sababu akikukodolea macho unaanza kukumbuka makosa yako ya nyuma. Anakula jodari wa kuchemsha, analala kwenye AC, na ana brashi yake mwenyewe ya nywele. Kitana changu kilivunjika meno mwaka jana na hakuna aliyeniuliza.

Sawa, tuendelee.

Nyumba yetu iko mwisho wa mtaa. Nyuma ya ukuta kuna wadi, yaani mto mkavu, halafu milima ya mawe matupu. Bustani si kubwa: mitende, mndimu, mhina, na tangi la maji pale kona.

Asubuhi moja namwagilia mndimu, nikaona kitu kimesimama juu ya ukuta. Rangi ya mchanga, miguu kama vijiti, mkia kama ufagio wa kuondolea utando, na masikio makubwa kuliko shida zangu.

Nikatupa mpira wa maji nikakimbia. Mpira ukabaki unacheza ngoma peke yake, ukamlowesha Bi Zuwena aliyekuwa ndiyo anatoka barazani.

"Una nini weye? Umeona jini?"

"Bibi, kuna mbwa ana masikio ya punda!"

Akachungulia huku anajifuta uso. "Mbwa wapi? Mbweha huyo. Atoka huko wadini, ananusa maji." Kisha sura ikambadilika. "Kadhi yuko wapi?"

Kadhi alikuwa amelala chali chini ya mndimu, tumbo juu, hana habari na ulimwengu.

Wakuu, kuanzia siku ile nyumba iliingia hali ya hatari. Kadhi akapigwa marufuku kutoka. Akajibu kwa mgomo. Alilia mchana kutwa kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, akapanda mapazia ya sebuleni, akakojoa ndani ya kiatu cha Bi Maimuna cha kazini.

Ikabidi yafanyike mazungumzo ya amani. Bibi akaamua: Kadhi atatoka kila alasiri, ila kwa ulinzi.

Ulinzi ni nani? Mimi.

Nikapewa mwavuli, sufuria na mwiko. Mbweha akija nigonge sufuria, akikaidi nifungue mwavuli ghafla. Nimepanda ndege kutoka kwetu kuja kuwa bodigadi wa paka. Ijumaa nilipowasimulia wenzangu kule Ruwi, mjini tunakokutana siku ya mapumziko, rafiki yangu mmoja Mganda alicheka hadi chai ikamtokea puani. Tangu hapo hawaniiti jina langu. Wananiita Afande.

Siku mbweha aliporudi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachati. Ninapoinua macho, kashashuka ukutani na anamwendea Kadhi polepole, pua chini.

Nikagonga sufuria. Mbweha akanitazama kama anayesikiliza taarabu.

Nikafungua mwavuli. Mwavuli ukageuka nje ndani, ukanifunika mimi.

Nilipojinasua, nilichokiona sitakisahau. Kadhi alikuwa ameinuka, manyoya yamesimama, amekuwa mkubwa kama mto wa kochi. Mbweha akasogeza pua amnuse. Kadhi akamzaba kofi. Kofi moja tu, safi, la shavu.

Nikajua leo paka analiwa, na mimi narudishwa kwetu.

Mbweha akarudi nyuma, akakaa kitako, akajilamba mguu kama vile hakuja kwa ajili hiyo. Kadhi naye akamgeuzia mgongo, akalala.

Yakaisha.

Niseme kitu kidogo hapa kwa wapenda wanyama. Mimi nilikulia kijijini, najua mbweha wanavyowafanya kuku. Nilidhani paka ni kuku mwenye masharubu. Kumbe paka mzima ana kucha na roho mbaya, na mbweha wa huku ni kiumbe chepesi, hakina mwili wa kugombana. Anapiga hesabu kwamba jodari wa bure si mbaya, lakini jicho langu nalo nalihitaji.

Basi wakazoeana. Sisemi urafiki, maana Kadhi hana rafiki hata humu ndani. Ila alasiri Kadhi anakula barazani, mbweha anasubiri kule kwenye mhina. Kadhi akishiba anaondoka kwa maringo, mbweha anakuja kulamba sahani. Akiwahi kabla ya zamu, kofi.

Bi Zuwena aliyetaka vita mwanzoni ndiye akawa shabiki namba moja. Aliacha tamthilia zake za Kituruki, akawa anatolewa kiti barazani na kahawa yake. "Leo kampiga?" ndiyo salamu yake akichelewa.

Sasa hapo katikati vitu vikaanza kupotea. Ndara yangu moja. Glavu ya bustani. Soksi ya Raya kwenye kamba. Mimi nikasema upepo. Muscat ina upepo, nani angewaza vingine?

Ndipo ikaja siku ya wageni.

Raya alikuwa anaposwa. Mama wa kijana angekuja kumwona, pamoja na dada wa mumewe na kina mama wengine wa ukoo. Tulisugua nyumba hadi marumaru ikawa kioo. Halwa, tende, sambusa, udi umefukizwa hadi Kadhi akapiga chafya.

Wageni wakaja, wakavua viatu pale mlangoni, wakaingia. Mama wa kijana alikuwa mpole, mnene, na viatu vyake vilikuwa na vito vinavyometameta. Yule wifi yake, ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa na macho ya kukagua. Alikagua hadi chini ya sambusa.

Mambo yalikwenda vizuri sana. Raya aliinamisha kichwa, mama wa kijana alitabasamu, dua ikasomwa.

Wakatoka kuondoka.

Viatu ni vya mguu mmojamoja! Cha mama wa kijana kimebaki kimoja. Cha Shangazi kimebaki kimoja. Wengine nao hivyohivyo.

Shangazi akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa Kiswahili makusudi ili nimwelewe, "Nyumba zenye watu wa kazi, vitu havikai."

Wakuu, hilo si neno dogo. Huku neno kama hilo likikushika, hata ukiwa huna hatia, linakufuata. Nikamwangalia Raya, anakaribia kulia. Bi Maimuna kainamisha macho chini.

Hapo ndara yangu na soksi ya Raya zikanijia akilini, nikajikaza. "Mimi sijachukua. Ni mbweha."

"Mbweha?" Shangazi akacheka. "Mbweha naye ana harusi?"

Hapo Bi Zuwena akagonga fimbo sakafuni. "Huyu mwanangu hasemi uongo. Kiswahili chake kibovu, lakini uongo hasemi. Haya, twendeni tukatazame!"

Basi ikatoka msafara. Bibi mbele na fimbo, mimi na sufuria yangu, nyuma yetu kina mama na mabuibui, wengine peku, wengine wamevaa kiatu kimoja wanachechemea kwenye kokoto za moto wakisema "akh, akh".

Nyuma ya tangi la maji, pale kwenye kivuli, tukakuta duka.

Viatu. Ndara yangu. Glavu. Soksi. Mpira wa mtoto wa jirani. Na juu ya lile fungu, amejikunja kama mwenye duka, Kadhi. Amelala! Pembeni yake kidogo, mbweha naye amelala, pua ndani ya kiatu chenye vito.

Shangazi akapiga yowe.

Mbweha akashtuka, akakamata kile kiatu kwa meno, akaruka. Sasa njia ya kutokea ilipita juu ya Kadhi. Akamkanyaga tumboni.

Kadhi hajawahi kukanyagwa maishani mwake.

Lile kofi lilisikika hadi nyumba ya pili. Kiatu kikadondoka, mbweha akaparamia ukuta, akasimama juu akatuangalia sote kama mdai aliyedhulumiwa, kisha akateremkia wadini.

Mama wa kijana alicheka hadi akakaa chini kwenye vumbi na abaya yake mpya. Akawa anamnyooshea Kadhi kidole, hawezi kusema. Raya naye akacheka, akamshika mkono kumwinua, wakashindwa, wakaanguka wote wawili. Nadhani posa ilikubaliwa hapo hasa, si kule ndani.

Shangazi alinijia akiwa peku. "Nisamehe, binti. Nimekudhania." Nikamwambia yameisha. Lakini Bi Zuwena hakuridhika hadi aliporudia mbele ya wote. Usiku ule nilikula kichwa cha samaki pamoja na bibi, sahani moja, na akaniambia niseme "nimeshiba" vizuri.

Ndoa ilifungwa baada ya hapo, na wanaishi vizuri.

Funzo langu, wakuu. Kama una paka mzima mwenye afya, mbweha wa bustanini asikutie stresi. Wataelewana wenyewe kwa makofi. Watoto wa paka na wagonjwa wafungieni ndani. Sahani msiache nje, viatu ndiyo kabisa. Na ninyi wenye nyumba, kitu kikipotea, kabla hujamtazama dada wa kazi, tazama kwanza nyuma ya tangi.

Uwanja ni wenu. Wenye mbweha, wenye paka, waliowahi kusingiziwa, karibuni. Na kama kuna fundi wa kufuatilia mbweha milimani anisaidie, maana kiatu cha kushoto cha Shangazi hakikuwemo kwenye lile fungu na hadi leo hakijaonekana, na kila akija hapa anakaa kwenye kochi na viatu vyake mapajani.