Mkrismasi wa Mwalimu Ethel

Alipostaafu, Mwalimu Ethel wa Mkomaindo alipanda miti miwili ya kivuli: mwarobaini karibu na jiko, na mkrismasi mbele ya dirisha la mama yake, Bibi Anjelina, ambaye hakuweza tena kutembea. Jirani yao, Baba Huruma, alimwonya.

"Mwarobaini huzamisha mizizi, Mwalimu. Huo mwingine mizizi yake hutambaa juu juu."

Ethel alicheka. Mama alipenda maua mekundu.

Miaka tisa ikapita. Januari hii, alasiri, upepo ulivuma kutoka upande wa Newala huku Bibi akiwa amelala mkekani chini ya mkrismasi. Ethel aliona ardhi ikiinuka na kushuka shinani. Alishika ncha ya mkeka akauvuta, akianguka na kuinuka.

"Unanivuta kama gunia la korosho!" Bibi alilalamika.

Mti ukaanguka pale walipotoka. Ethel alikaa chini, bado ameshika ncha ya mkeka.

Hata sasa, wingu likitanda tu, humwingiza mama ndani. Lakini amepanda mkrismasi mwingine, hatua arobaini kutoka dirishani.